Paka wa Nyumba Haingwa: Siku Tatu za Wasiwasi Kanyangi



Tulisita kabla ya kuyaandika haya. Kurasa hizi huzungumzia malezi, ndoa, mirathi na haja za mayatima, nasi tulijiuliza kama habari ya paka mmoja aliyegongwa na pikipiki katika soko dogo la Ukambani inastahiki nafasi miongoni mwa hayo. Tulipoyatafakari yaliyotupata tuliona kuwa inastahiki, kwa sababu katika siku tatu hizo mtoto wetu alituuliza swali ambalo huenda wazazi wengi wataulizwa siku moja, na sisi hatukuwa na jibu la haraka.

Mgeni kutoka Mji wa Kale

Tunaishi Kanyangi, katika kaunti ya Kitui, upande unaoelekea Mto Athi, ambao ndio mpaka na kaunti ya Makueni. Mmoja wetu ni mwalimu, na kazi ndiyo iliyotutoa Mombasa. Mwanzoni jamaa zetu walitupa pole kana kwamba tunahamia mwisho wa dunia, wakasahau kuwa njia baina ya pwani na Ukambani ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka pwani na pembe za ndovu, na wafanyabiashara Waswahili nao wakapanda bara. Wenyeji walitupokea kwa wema. Nchi ni kavu. Mito mingi ni ya mchanga, na maji huchimbwa humo yakabebwa na punda. Lakini mvua ikinyesha vizuri mashamba hujaa kunde, mbaazi na pojo, ambazo huku huitwa ndengu.

Asumini tulikuja naye. Ni paka jike mweupe mwenye baka jeusi sikioni, aliyezaliwa chini ya ngazi ya nyumba ya bibi yao watoto huko Mji wa Kale. Alisafiri ndani ya kikapu cha ukindu hadi Kibwezi, kisha tukapanda kuelekea Kitui, naye akilia njia nzima. Kwa binti yetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 8 na asiyejua neno la Kikamba, paka huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa pekee katika miezi ya mwanzo. Kwa jirani yetu, mkongwe ambaye watoto wote wa mtaa humwita susu, yaani bibi, Asumini alikuwa mlinzi wa ghala. Tangu alipoanza kulala juu ya magunia ya ndengu, susu alisema, panya wamehama bila kuaga.

Jioni ya siku ya soko

Siku ya soko bodaboda huwa nyingi, nazo hurudi kwa haraka kabla ya giza. Jua lilikuwa likizama nasi tunajiandaa kwa swala ya magharibi. Binti yetu alitoka kwenda dukani kununua mkate, akauacha mlango wa ua wazi. Tukasikia breki, kisha sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ikitoka kwa paka yule.

Tulipofika nje, kijana wa pikipiki alikuwa amekwisha kushuka, kofia mkononi. “Mwalimu, nisamehe,” akasema. “Ametoka mbio, nikashindwa kumkwepa.” Asumini alijiburuta kwa miguu ya mbele hadi chini ya mwarobaini. Miguu ya nyuma haikumfuata.

Hapo tulifanya kosa la kwanza. Mmoja wetu alimwinua kwa mikono mitupu, akaumwa kidole hadi damu ikatoka. Paka mwenye maumivu makali hamtambui hata aliyemlea. Tulimpigia simu afisa wa mifugo wa eneo letu, ambaye kazi yake ya kila siku ni ng’ombe, mbuzi na punda, tukitaraji atatucheka. Hakucheka. Alituambia tumfunike leso nzito, kichwa kikiwa ndani, kisha tumsukume taratibu juu ya kitu bapa kisichopinda, kwani mgongo au nyonga iliyovunjika huharibika zaidi paka anapobebwa akining’inia. Tulichukua sinia kubwa ya pilau. Juu ya sinia hiyo akaingizwa ndani, akawekwa kwenye boksi la karatasi penye giza na utulivu.

Kosa la pili tulikaribia kulifanya kwa huruma. Mama wa nyumba alikwisha kuvunja robo ya kidonge cha parasetamoli, dawa ambayo kila familia humpa mtoto mwenye homa. Afisa alipiga kelele kwenye simu: “Msimpe hiyo, mtamuua!” Baadaye alitufafanulia. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Sumu yake huziharibu chembe nyekundu za damu zikashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja tu cha mtu mzima chaweza kumaliza uhai wa paka. Dawa nyingine za maumivu tunazonunua madukani, kama aibuprofeni na diklofenaki, nazo ni hatari kwake. Hata zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini hazimfai, kwani paka huliramba jeraha lake akazimeza. Jeraha huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita.

Afisa alifika saa mbili za usiku, akamchoma sindano ya maumivu inayowafaa paka, akatufundisha kuzisoma alama. Ufizi wa paka mzima ni wa rangi ya waridi. Ukiubonyeza kwa kidole hugeuka mweupe, na rangi hurudi kabla ya sekunde mbili. Ukiwa mweupe kama karatasi, huenda anavuja damu ndani. Akipumua kwa mdomo wazi, huenda kifua kimeumia. Paka aliyetulia huvuta pumzi kama mara 20 hadi 30 kwa dakika. Na jambo la mwisho, ambalo hatukulitarajia: “Angalieni kama atakojoa. Akigongwa hivi, kibofu chaweza kupasuka au mishipa yake ikafa. Mkojo ndio utakaotuambia.”

Swali la mtoto

Baada ya isha binti yetu hakutaka kula. Mkate alioununua alikuwa ameushika tangu magharibi, umevunjika mikononi mwake. Hatimaye akauliza: “Baba, nami nitaingia motoni kama yule mwanamke wa paka?”

Wasomaji mnakijua kisa hicho. Kimepokewa katika Bukhari na Muslim, kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini. Binti alikisoma madrasa kabla hatujahama. Na sisi wenyewe, tukiri, tulikuwa tukikitaja kila alipozembea kumwekea Asumini chakula. Tulikitumia kama fimbo. Usiku ule fimbo hiyo ilimrudia mtoto wa miaka 8, tukaona jinsi ilivyokuwa nzito.

Tulinyamaza kidogo. Kisha tukamwambia tunachokiamini: mwanamke yule aliufunga mlango akijua, akaona njaa ya kiumbe siku baada ya siku, akapita. Yeye aliuacha mlango wazi kwa kusahau. Mwishoni mwa Suratul Baqara tumefunzwa kumwomba Mola asituchukulie kwa tulichosahau au tulichokosea; asingetufunza dua hiyo kama hakutaka kuipokea. Tena tukamwambia kuwa mlango ule haukuwa wake peke yake. Komeo lilikuwa limelegea tangu mwezi uliopita, na watu wazima wawili walilipita kila siku bila kulikaza.

Kisha tukamsimulia kisa cha pili, cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji ndani ya kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Maswahaba walipouliza kama kuna ujira kwa wanyama, Mtume ﷺ aliwajibu kuwa upo kwa kila kiumbe kilicho hai. Tulishangaa kugundua kuwa hatukuwahi kumsimulia kisa hicho. Tulimfundisha mtoto adhabu ya paka, tukasahau kumfundisha thawabu yake.

Maneno peke yake hayamtulizi mtoto, hivyo tulimpa kazi. Tulimkabidhi daftari na saa, ahesabu pumzi za Asumini kila baada ya muda, aandike. Akaandika: saa tatu, 44. Saa nne, 40. Saa nne na nusu alilala ubavuni mwa boksi, penseli mkononi, na usiku uliobaki tuliandika sisi kwa zamu.

Tuliyokuwa nayo katika dini yetu

Usiku mrefu humkumbusha mtu aliyoyasoma. Tulimkumbuka Abu Hurayra, mpokezi mkubwa wa hadithi, ambaye lakabu yake tu ina maana ya baba wa kipaka. Tulimkumbuka Abu Qatada, aliyekuwa akitawadha paka akaja, naye akamwinamishia chombo anywe. Mkwewe Kabsha alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume ﷺ amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Wapo pia wanaosimulia kuwa Mtume ﷺ alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aitwaye Muezza. Kisa hicho ni mashuhuri, lakini hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, wala hatuna haja nacho. Yaliyothibiti yanatosha.

Waislamu waliotutangulia waliyachukua mafunzo hayo kwa uzito. Husimuliwa kwamba Sultani Baybars, aliyetawala Misri katika karne ya 13, aliweka bustani wakfu kwa ajili ya kuwalisha paka wa Cairo. Na kwetu pwani, Lamu ina kituo cha kuwatibu punda tangu mwaka 1987, ambapo mchukuzi maskini humleta mnyama wake bila kuona haya. Nasi pia hatukupaswa kuona haya.

Bei ya mbuzi

Asubuhi ya siku ya pili tulimpeleka mjini Kitui kwa daktari wa mifugo. Kijana wa bodaboda alikataa tusitafute gari lingine mpaka ametuitia nduguye mwenye teksi. Yeye mwenyewe hakulala, alisema.

Tulipokuwa tukipakia boksi, susu alisimama mlangoni. Alipojua gharama tuliyotajiwa, aliuliza kwa upole: “Kwa pesa hiyo si mngenunua mbuzi?” Hakusema kwa ubaya. Susu ameona ukame ukifagia zizi zima. Anajua mbuzi mmoja ni karo ya mtoto au gunia la mahindi. Swali lake tulisafiri nalo. Je, haya si israfu? Tulikubaliana njiani juu ya mpaka: hatutakopa, hatutagusa ada ya shule, wala hatutapunguza kile tunachompelekea bibi yao Mombasa. Kilichobaki ndani ya mpaka huo ni cha Asumini, kwa sababu tulimchukua kwa hiari yetu tukamfanya atutegemee. Mbuzi aliyevunjika mguu tungemtibu kwa ajili ya faida yake. Paka tunamtibu kwa ajili ya amana.

Kabla ya kumwona daktari wa mifugo tulipita hospitali ya binadamu. Aliyeumwa alikuwa ameliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 usiku ule ule. Asumini alichanjwa Mombasa na kadi yake tunayo, hata hivyo mhudumu hakutaka kubahatisha, akaanza kumpa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hupita kwa mate ya paka pia, na dalili zikishatokea huwa karibu hauna tiba. Kenya imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo mwaka 2030, lakini lengo hilo huanzia kwenye kidole cha kila mmoja wetu.

Daktari wa mifugo alimpapasa Asumini kwa muda mrefu. Alituonyesha kucha zilizochanika, alama ya paka aliyejaribu kuishika barabara. Alibana kidole cha mguu wa nyuma, Asumini akageuza kichwa na kunguruma. “Vizuri,” akasema, “anahisi. Uti wa mgongo haujakatika.” Mfupa wa nyonga, kwa maoni yake, umevunjika. Nyonga ya paka mara nyingi huungana yenyewe, kwa sharti moja: afungiwe mahali padogo, asiruke wala asipande, kwa wiki sita. Lakini mkojo bado. Kama hadi alfajiri hatakojoa, tumrudishe.

Tulimuuliza pia lile ambalo hatukutaka kuuliza mbele ya mtoto: itakuwaje asipopona? Alitaja sindano ya kumpumzisha. Tulimpigia simu sheikh wetu wa Mombasa. Alitueleza kuwa wanazuoni wamelizungumza jambo hilo kwa kauli tofauti pale ambapo mnyama anateseka na tiba haipo. Ama maadamu tiba ipo na tunaiweza, kazi yetu ni kutibu. “Tibuni,” alisema, “kisha mwachieni Mwenye kiumbe chake.”

Habari njema kabla ya alfajiri

Usiku wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Katika usiku wa kwanza tulikuwa na shughuli. Huu wa pili ulikuwa wa kungoja tu. Kanyangi ikilala hulala kweli, na kutoka nyumbani kwetu hatusikii adhana. Swala hutuita kwa simu. Saa tisa za usiku mmoja wetu aliamka kutawadha, akaingiza mkono ndani ya boksi kupapasa kitambaa.

Kilikuwa chepesi na kikavu upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa kimelowa chapa.

Wasomaji wenye paka wanaijua harufu hiyo, na wanajua ni mara ngapi wamemfukuza paka kwa ajili yake. Usiku ule nyumba nzima iliamshwa ije kuinusa. Binti yetu aliruka juu ya mkeka. Mama wa nyumba alilia. Tukasema alhamdulillahi mbele ya kitambaa chenye najisi, kisha mmoja wetu akakumbuka kuwa mkono wake umelowa na swala inangoja, tukacheka, tukaenda kuosha. Daftarini binti aliandika kwa herufi kubwa: saa tisa, AMEKOJOA. Pumzi 28.

Asubuhi ya siku ya tatu Asumini alikula kipande cha samaki mkavu aliyelowekwa. Susu alikuja na kikombe cha maziwa ya mbuzi kwa ajili ya mgonjwa. Daktari alikuwa ametuonya kuwa paka wengi wazima huharisha kwa maziwa, hivyo tulimwambia ukweli, tukayachemsha chai tukainywa pamoja naye. “Basi mbuzi wangu ametibu watu,” akasema, akakaa nasi hadi adhuhuri. Hakuuliza tena habari ya bei.

Wiki sita, na baadaye

Kijana wa bodaboda alileta mbao na wavu wa waya, akaunda kizimba na kukisimamisha pembeni ya jiko, kwenye joto. Tulitaka kumlipa, akakataa. Yeye si Muislamu, na hatukuzungumza naye habari za dini, lakini kila jioni alipopita alipunguza mwendo, akauliza, “Anaendeleaje yule?” Huruma, tuliona, inatambuana bila kuulizana jina.

Sasa Asumini anatembea akichechemea. Haruki tena hadi juu ya ghala. Hupanda gunia kwa gunia kama mzee apandaye ngazi, akafika. Komeo la mlango limekazwa. Binti yetu bado ana daftari lake, na amelianzia ukurasa mpya wa kuku wa susu.

Tuwausie wenzetu mambo machache. Ijueni mapema nambari ya simu ya afisa wa mifugo wa eneo lenu, hata kama hamna mfugo mwingine. Mchanjeni paka, na kadi iwekwe pamoja na za watoto. Msimpe dawa ya binadamu. Na mnapowasimulia watoto kisa cha mwanamke wa paka, msilale kabla hamjawasimulia cha mtu aliyemnywesha mbwa.

Wahenga wetu walisema paka wa nyumba haingwa. Tulidhani methali hiyo inawahusu jamaa na watumishi wa karibu tu, watu wasiofukuzwa kwa kuwa wamekuwa sehemu ya nyumba. Kanyangi imetufunza kuisoma kwa maana yake ya kwanza, ile ya wazi. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye huruma kwa waliomo mikononi mwetu, wakubwa na wadogo, wenye kusema na wasiosema. Amin.